Msikilizaji wa Programu

Programu aliyokuwa akiiandika kwenye kompyuta ilikuwa imemtoa jasho binti tangu asubuhi, haitaki kwenda mbele wala nyuma. Chuoni, mwalimu wao wa kompyuta aliwapa dawa: ukikwama, msomee mtu mstari kwa mstari, hata kama hajui lolote. Basi akamwita mama yake, fundi cherehani, wakakaa bega kwa bega.

"Mama, usijibu. Sikiliza tu."

Akasoma, akaeleza, na alipofika katikati akajipiga paji la uso. "Kosa hili hapa! Asante, Mama."

"Mimi nimefanya nini? Sijaambulia hata neno."

"Ndivyo inavyotakiwa."

Mama akacheka. Akanyoosha mkono, akaifunga kompyuta taratibu.

"Haya, zamu yangu. Ni kuhusu baba yako. Usijibu, mwanangu. Sikiliza tu."