Mafuta Aliyonichanganyia Yaya

Ilikuwa Ijumaa mchana, katika chumba cha wanawake cha msikiti wetu hapa Mabanga, mtaa wa Goma, niliposhindwa kuinuka kutoka sijida. Imamu alitoa takbira, wenzangu wakainuka, mimi nikabaki na paji la uso mkekani. Miguu haikuuma sana saa ile, ilikataa tu. Nilijisukuma kwa mikono mpaka viwiko vikatetemeka, nikafanikiwa kuketi, na sala nikaimaliza nikiwa nimekaa kama bibi aliyechoka na dunia. Nilikuwa na miaka thelathini na miwili.

Aliyekuwa kando yangu ni dada yangu mkubwa. Namwita yaya, kama wengi wa Goma wanavyowaita wakubwa wao. Baada ya salamu aliniangalia, kisha akainama kunisaidia kutafuta viatu. Akasema ni uchovu. Niliamini, kwa sababu tangu nikiwa na miaka tisa kila kitu nilichokijua kuhusu mwili wangu nilikisikia kwake. Mama yetu alifariki mwaka ule. Baba, dereva aliyetoka Kasongo, alikuwa barabarani siku nyingi kuliko nyumbani, naye hakuchelewa kumfuata mama. Yaya ndiye aliyenisuka nywele, ndiye aliyenieleza mambo ya hedhi, ndiye aliyenitoa kwenye ndoa mbaya na kunirudisha nyumbani bila swali.

Yaya alikuwa na duka la vikwembe, yaani vitenge. Nyuma ya duka kulikuwa na depo, chumba cha mbao kisicho na dirisha, na humo ndimo nilimofanya kazi: kufungua mabalo, marobota ya vitambaa yaliyotoka mpakani Bunagana, kukunja, kupanga, kuandika. Upande wa mbele, chini ya meza, yaya aliuza kitu kingine ambacho hakikuandikwa kwenye kibao cha duka. Alinunua mirija ya pomadi ya dawa, akaikamua ndani ya mafuta ya kawaida, akaongeza vitu vingine viwili nisivyovijua, akakoroga na mwiko wa mbao mpaka yakawa laini, rangi ya siagi. Wanawake waliyaita mafuta ya yaya. Yalikuwa yanawafanya weupe.

Mimi nilizaliwa mweusi kuliko wote nyumbani. Shangazi zetu walikuwa wakisema mbele yangu kwamba yaya alipotangulia kuzaliwa aliuchukua mwanga wote, akaniachia moshi. Kwa hiyo siku yaya aliponipa kopo la kwanza na kuniambia sasa atanitengeneza, nililipokea kama mtu anayerudishiwa haki yake. Sitadanganya. Niliyapaka asubuhi na jioni, usoni, shingoni, mikononi, mapajani, na kila wiki nilijiangalia kwenye kioo na kufurahi.

Sharti lilikuwa moja. "Jua njo adui ya hii mafuta," yaya aliniambia. "Likikupiga, utaunguka. Ukae mu depo, mimi nitakaa mbele."

Nilikaa depo miaka mitatu. Nilifika dukani nimejifunika, mikono mirefu, mtandio mpaka kwenye nyusi, mwavuli juu hata siku zisizo na mvua. Jumapili, wenzangu walipokaa uani juu ya mawe meusi ya volkano kuota jua, nilikaa ndani, pazia chini. Nilitoka mbele tu pale yaya aliponiita. Aliniita mara nyingi. Mteja akisitasita, yaya angesema nimletee kikwembe fulani, nami ningetoka nacho mkononi, na yule mama angeniangalia usoni muda mrefu kuliko alivyokiangalia kitambaa.

Maumivu yalianza taratibu. Kwanza uchovu, ule wa kuamka umechoka. Kisha mifupa ya miguu mbele, halafu mgongo, halafu mbavu, hata mtu akinikumbatia nilishtuka. Kupanda moto, pikipiki ya abiria, kukawa kazi. Dereva alilazimika kuilaza upande ili nipate kupitisha mguu. Ngozi nayo, iliyokuwa iking'aa, ilianza kukauka na kubanduka kwenye shingo. Nilijikwaa kwenye jiwe, nikapata kidonda kidogo kifundoni, kikakaa miezi miwili bila kufunga. Nywele zilibaki kwenye kitana. Yaya alinichemshia majani, akaninunulia sirapu ya kuongeza damu, akasema ni mawazo ya talaka.

Baada ya ile Ijumaa alikubali twende kituo cha afya. Daktari alikuwa mzee mpole aliyeandika polepole. Aliuliza ninakula nini, ninafanya kazi gani, nimezaa mara ngapi. Kisha akainua macho, akaiangalia mikono yangu, vidole vilivyokuwa vyeusi kwenye viungo na vyeupe kwingine.

"Unapaka nini ku ngozi, mama?"

Nilifungua mdomo. Yaya, aliyeketi karibu yangu mpaka mabega yetu yaligusana, alijibu kabla yangu.

"Mafuta ya batoto tu, dokta. Ile ya kawaida."

Alijibu bila kusita, na mkono wake ulikuwa juu ya goti langu. Daktari alinitazama mimi, akingoja. Ningeweza kusema. Nilinyamaza, kwa sababu niliona aibu, na kwa sababu mtu hamuumbui aliyemlea mbele ya mgeni. Daktari akaandika dawa za maumivu, akasema labda ni baridi yabisi ya viungo. Nilizimeza miezi mitano. Kila usiku nilijipaka mafuta yaleyale.

Aliyenifungua macho ni binti wa yaya, msichana wa miaka kumi na saba aliyekuwa akimaliza sekondari. Jumapili moja aliingia chumbani kwangu ametoka kuosha nywele, mikono wazi, jua bado liko kwenye ngozi yake. Nikaona alama nyeusi ya kuungua na mafuta ya moto kwenye mkono wake. Nikachukua kopo langu na kumwambia asogee nimpake kidogo, itafutika. Akarudisha mkono nyuma haraka, kama aliyeonyeshwa kisu.

Nilicheka. Nikamwuliza anaogopa nini, na ni mafuta ya mama yake.

"Mama alinikataza," akasema. "Alisema nikigusa hii kopo atanifukuza ku nyumba. Alisema inakula mutu polepole."

Nikamwuliza alimwambia lini. Alifikiri kidogo. Ilikuwa mwaka wa kwanza wa mafuta yale, akasema, wakati mteja mmoja wa Munigi aliporudi dukani na mashavu yaliyoungua, akilia. Mwaka wa kwanza. Mimi wakati huo nilikuwa bado kwenye kopo la tatu au la nne.

Sikumwambia yaya kitu. Siku ya pili nilifunga depo saa nne, nikaenda peke yangu kwa daktari mwingine upande wa pili wa mji, mwanamke wa umri wangu. Nilimweleza yote, mpaka mwiko wa mbao. Alinisikiliza bila kunikaripia, kisha akabonyeza mfupa wa mguu wangu kwa kidole gumba. Machozi yalinitoka. Aliniomba niinuke kutoka kwenye kiti bila kutumia mikono, nikashindwa. Akachukua damu na kuipeleka ng'ambo ya mpaka, kwa sababu kipimo kile hakikufanyika hapa. Jibu liliporudi aliligeuza kwangu ili niliangalie mwenyewe: vitamini D yangu ilikuwa karibu na hakuna.

Alinifafanulia kama anayemfafanulia jirani. Ngozi ikipata jua hutengeneza vitamini hiyo, na ngozi nyeusi huhitaji jua zaidi kuliko nyeupe. Bila hiyo mwili haushiki vizuri kalisi, yale madini ya mifupa yaliyomo kwenye chakula, mifupa inakuwa laini na kuuma, misuli ya mapaja inalegea, hata kinga ya mwili inaweza kudhoofika. Halafu ile pomadi: ilikuwa dawa kali, isiyotengenezwa kupakwa mwili mzima kila siku. Imekondesha ngozi yangu, ndiyo maana hata kidonda kilichelewa, na imepita ndani, nayo inakula mifupa kwa upande wake. Akanikanya nisiiache ghafla, nipunguze kama atakavyonielekeza. Kisha akasema jambo ambalo bado nalisikia. Tunaishi karibu kabisa na mstari wa ikweta, akasema, na mimi nimekosa jua.

Jioni ile nilimkuta yaya anafunga hesabu za duka. Niliweka kopo mezani, na karatasi ya maabara kando yake. Nilimwuliza jambo moja tu: kwa nini mtoto wake asiguse, na mimi nipake.

Hakukana. Nilikuwa nimejiandaa kwa kukana, si kwa kile alichonipa. Alikunja kikwembe kilichokuwa tayari kimekunjwa, kisha akasema nilikuwa nimefurahi, na hajawahi kuniona nimefurahi hivyo. Alisema alifikiri mwili wangu una nguvu. Nikamwuliza kuhusu daktari, lile jibu la mafuta ya watoto.

"Ungesema, duka ingefungwa," akanijibu. "Bamama walikuwa wananunua sababu ya uso yako."

Alisema hivyo kwa sauti ya chini, karibu ya kuomba, kana kwamba ni sababu ambayo dada yeyote angeielewa. Nadhani hakujua alichokiri. Mimi nilikuwa kibao cha duka lake. Nilichukua karatasi yangu, kopo nikaliacha.

Nilihamia chumba cha kupanga mtaa wa pili. Daktari alinipa pomadi dhaifu zaidi ya kuachia ile kali polepole, na ampuli za kunywa, moja kila wiki, kisha moja kila mwezi, pamoja na kalisi. Akaniambia nile mayai na samaki kadiri ninavyopata, na nikae juani asubuhi, mikono na miguu wazi. Uani kwetu kuna ukuta mrefu, kwa hiyo niliweza kukaa bila mtandio. Siku za kwanza niliogopa kweli, nikijiangalia ngozi kila dakika. Nguvu za mapaja zilirudi baada ya miezi minne hivi. Kidonda kilifunga. Uso haukurudi wote. Mashavu yana madoa ya kijivu, na shingoni ngozi bado ni nyembamba kama karatasi ya kufungia andazi.

Yaya alikuja Idi iliyopita na sahani ya pilau. Nilimpokea, nikamtengea kiti, tukala. Aliniambia amebaki na vikwembe tu, yale mengine ameyaacha. Sikumwuliza, na sikumwamini. Kabla ya kuondoka aliniomba, kwa upole, watu wakiuliza niseme ni ugonjwa wa mifupa wa upande wa mama. Nilimwambia sitasema hivyo. Wanawake wawili wa mtaa wake walikuwa wamekwisha kuja kwangu na makopo yao mkononi, nami nilikuwa nimewaelekeza kwa yule daktari.

Alisimama mlangoni, akiisubiri sahani yake. Niliiosha, nikaikausha, nikampa.