Unene wa Paka Meneja

Paka wa Zakia aliitwa Meneja kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akifanya kazi, lakini siku zote alikuwepo. Kutwa alilala chini ya meza ya cherehani pale Mkuyuni, na wateja walioleta vitenge walimsifu: "Meneja kanawiri." Zakia alifurahi. Aliyenawiri ametunzwa, awe mtu au paka.

Furaha hiyo iliharibiwa na Ndalahwa, daktari wa mifugo, siku alipopita mtaani kuchanja mbwa na paka. Alimwinua Meneja, akampapasa ubavuni, akaguna.

"Mama, huyu amezidi. Ng'ombe kwetu Usukumani tunafurahi mbavu zikipotea. Paka ni kinyume, ukimpapasa uzipate kwa vidole. Ukimtazama kwa juu, awe na kiuno. Huyu kiuno chake kiko wapi?"

Zakia akatazama kwa juu. Hakikuwepo. Alikuwa amewapima watu viuno miaka thelathini, na hakuwa ameliona hilo.

"Unampa nini?"

"Vichwa vya dagaa asubuhi, basi."

"Basi kuna mtu anampa sahani nzima."

Kuna mtu. Neno hilo lilimwingia Zakia likakaa. Nyumbani walikuwa wawili tu, yeye na mumewe Lukman, fundi wa mitumbwi, ambaye kila mchana alikuja kula. Zakia alimwandalia mkekani uani, kisha akarudi mbele kwa wateja. Sahani zilirudi nyeupe. Sasa, kama chakula kinaliwa na paka, mume anakula wapi? Mwanamume mzima hawezi kugonga misumari kutwa na njaa. Kuna jiko jingine mahali.

Akishaanza kushuku, Zakia hana breki. Alikagua mkanda wa Lukman, akakuta tundu jipya lililotobolewa kwa msumari. Mzee wa miaka sitini na mbili anajipunguza tumbo kwa ajili ya nani? Ijumaa akarudi kutoka msikitini na utando wa maziwa kwenye masharubu. Zakia aliuona. Jirani yake Dorcas akaongeza kuni kwenye moto.

"Mimi simo, mwenzangu. Ila mumeo kila asubuhi na jioni yuko kwa yule mjane muuza maziwa. Anakaa kwenye benchi kabisa."

Basi. Miaka yote hiyo ya ndoa, binti yao Raya wamemlea hadi wakamwoza, na leo yeye Zakia anaachwa kwa ajili ya maziwa. Usiku hakupata usingizi. Alipanga maneno, akayapunguza, akayapanga tena.

Jumatatu mchana alimpelekea Lukman ugali na sato wa mchuzi kama kawaida. Safari hii hakurudi mbele. Alivua kandambili, akasimama nyuma ya mlango wa uani.

Lukman alimega tonge dogo, akalilowesha kwenye mchuzi, akatafuna. Alitafuna muda mrefu mno. Shingo ikamtanuka, machozi yakamlengalenga, kisha akageuka pembeni na kulitema kiganjani. Akamwekea Meneja. Halafu akamsogezea samaki mzima.

Zakia aliona, lakini maneno aliyoyapanga yalikwisha kumponyoka mdomoni.

"Yule mjane anakupikia nini, Baba Raya?"

Lukman hakushtuka. Alionekana kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Ananiuzia maziwa. Kitu kingine hakipiti, Mama Raya. Tangu Ramadhani. Kinakwama hapa." Akagusa chini ya koo.

"Hospitali umekwenda?"

"Naogopa watakachosema."

Zakia akaketi mkekani. Kwa karibu, ovaroli ilimpwaya mabegani kana kwamba ameazima. Yeye aliyewapima Mkuyuni nzima, huyu hakumtazama. Aliona aibu, akaona na hasira, hakujua ipi aanze nayo.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeacha kunipikia vya watu wazima. Ungeanza kunipikia uji. Hapo ningejua kweli naumwa."

Meneja alikuwa amefika kwenye mkia wa sato. Hakuna aliyemfukuza.

"Nilikuwa nimejiandaa kwa mwanamke," Zakia alisema. "Mwanamke ningejua la kumfanya."