Atakayeharibu Atavaa

Mafundi cherehani tulikuwa watano kwenye baraza moja pale Newala, na hakuna aliyetusimamia ila sisi wenyewe. Ilikuwa miaka ya kuhamia vijijini. Kitambaa kilipatikana kwa foleni, na mtu akikuachia chake alikuwa amekuachia roho yake. Kwa hiyo tukajitungia sheria: atakayeharibu kitambaa cha mtu atatafuta kingine, na alichokiharibu atakivaa siku nzima ya gulio. Akikataa, abebe cherehani yake ahame baraza.

Sheria hiyo niliipendekeza mimi. Jirani yangu alikuwa ameshona suruali yenye zipu nyuma, nikataka kumwona akitembea nayo. Roho mbaya, nakiri.

Sasa, futi yangu ya kupimia ilikuwa imeliwa na panya inchi tatu za mwanzo, basi kila kipimo nilikuwa nakipunguza tatu kichwani. Siku nesi mmoja mwenyeji wa Bukoba, mama mwenye mwili wake, alipoleta kitambaa cha gauni, nikaazima futi nzima ya jirani ili nionekane fundi wa maana. Nikapima. Nikapunguza tatu, kwa mazoea.

Gauni halikumpita nesi mabegani. Mimi lilinikaa sawasawa.

Nesi nikampa kitambaa nilichojiwekea cha suti ya harusi. Gulio likafika, nikaketi kwenye cherehani na gauni langu la maua. Ndipo akatokea mama wa mchumba wangu, ametoka Chilangala kuja kumwona huyo fundi kabla ya kutoa jibu la posa. Nilitamani ardhi inimeze.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Akamgeukia jirani. "Huyu anaumwa?"

Jirani, ambaye angeweza kunimaliza kwa neno moja, akamweleza sheria yetu yote, mpaka nani aliyeitunga. Alifurahi mno kufika hapo.

Mama akanitazama toka kola hadi pindo.

"Marahaba, baba," akasema. "Binti utapewa. Uliyevaa kosa lako mbele ya gulio zima, kwangu utaficha nini?"

Nilioa kwa shati la kuazima. Gauni lile mama alilichukua, akalitia kwenye sanduku la binti yake. Na tangu hapo, kila nikikosea nyumbani nikaanza kujitetea, mke wangu habishani nami. Analitoa, analikunjua, analiweka juu ya kiti changu.