Sakafu Moja Mpaka Chooni

Tarehe ishirini na sita Mei alikufa mama, nyumbani kwake Sumbawanga, mchana, baba akiwa ameketi kwenye kigoda miguuni pa kitanda. Kabla ya arobaini yake kufika tulikuwa tumepoteza na sakafu ya nyumba ile. Najua si vizuri kuandika vitu hivyo viwili pamoja. Lakini ndivyo vilivyofuatana, na hicho cha pili kinanitia kichefuchefu hadi leo.

Kaka yangu, mkubwa wetu, anaishi Dar es Salaam. Alikuja kuzika na wafanyakazi wenzake, wakalala kwa baba, na asubuhi nikamwona akiwatangulia chooni na ndoo ya maji, akijaribu kuukinga kwa mgongo wake ukuta uliobanduka lipu. Aibu ile ilimkaa. Matanga yalipokwisha alituita sebuleni akasema nyumba itawekwa marumaru.

"Nyumba nzima," alisema. "Ya aina moja, kuanzia barazani mpaka chooni. Ukichanganyachanganya, nyumba inaonekana ndogo."

Baba alisema asante. Mimi niliinama. Nimeishia darasa la saba, nauza unga sokoni, na kaka hakuzoea kunisikia nikisema kitu.

Sakafu ya zamani haikuwa ya kujivunia. Sebuleni palikuwa na sementi nyekundu iliyolainishwa kwa niru, mama akiisugua kwa nta mpaka inateleza. Koridoni sementi ilikuwa ya kuparuza, na katikati ilikuwa na ufa mrefu. Chumbani mwao palikuwa na mkeka. Jikoni palikuwa na udongo mtupu, kwa sababu mama alikataa sementi. Alisema udongo unakunywa kinachomwagika na chungu kikianguka hakipasuki. Choo kiliongezwa baadaye upande wa pili wa korido, mkabala na jiko. Ulikuwa unavuka kizingiti, unashuka, unavaa kandambili zilizokaa pale mlangoni. Kandambili zile hazikuwahi kuvuka kizingiti kurudi ndani. Hiyo ilikuwa sheria ya mama, na hata watoto wa jirani waliijua.

Mafundi walikuja mwezi wa Juni. Walivunja vizingiti vyote, wakainua sakafu ya choo ilingane na korido, wakapiga pima maji kila mahali. Marumaru yalikuwa meupe, yana michirizi ya kijivu na mng'ao wa unyevunyevu. Nilipoyaona yametandazwa jikoni nilifikiria utumbo wa ng'ombe uliokwisha kuoshwa. Nilijaribu kufikiria kitu kingine, sikuweza. Utumbo ule ule ulitoka chini ya meza ya kulia chakula, ukapita koridoni, ukaingia chini ya kitanda alichofia mama, ukaishia kwenye tundu la choo. Hapakuwa na mahali ambapo jicho lingesema, hapa choo kimeisha.

Wifi, mke wa kaka, alitangulia kuja kuandaa arobaini. Ni mtu msafi, sitamsingizia. Lakini siku ya kwanza nilimkuta anapiga deki. Alikuwa ameanzia chooni. Tambara lile lile na maji yale yale aliyavuta koridoni, akaingia nayo jikoni, akapita pale wanawake wanapokaa kuchambua mchicha, akamalizia chumbani kwa baba.

"Si sakafu moja?" alisema aliponiona nimesimama.

Nilitoka nje nikatema mate. Siku zile zote nilikula kwangu.

Baba naye alibadilika. Alianza kutembea akipapasa ukuta. Mara unamkuta amesimama koridoni, mguu mmoja umetangulia, anasikiliza. Alikuwa na presha ya macho kwa miaka mingi, hilo tulilijua, lakini tulidhani anaona vya kutosha, kwa kuwa nyumbani hakuwahi kujikwaa. Wifi alisema, "Mzee anatembea kama mlevi." Mimi nilidhani ni majonzi. Nilidhani anamtafuta mama.

Siku ya arobaini baridi ya Julai ilikuwa kali. Watu walitoka kijiji cha Kate, na shangazi, dada yake baba, alitoka Mwazye na wenzake wakiwa wamebeba ulezi. Baada ya misa wageni walijaa sebuleni, wameketi kwenye mikeka wakisubiri chakula. Kulikuwa na jirani mmoja, mama mnene, mtani wetu. Watani msibani wana ruhusa ya kusema lolote, naye aliitumia. Alifika mlangoni akavua viatu, akachungulia ndani, akaanza:

"Hodi chooni!"

Watu wakacheka. Akaingia, akafika koridoni. "Jamani, na huku choo! Hodi tena!" Akasukuma mlango wa chumba. "Hiki nacho choo, ila mmeweka kitanda. Wafiwa, mnakula nini humu kinachowaendesha hivi?"

Hata kaka alicheka, ila kwa meno tu. "Mtani, hii ndiyo ya kisasa," alisema.

"Ya kisasa ni ninyi mlio na macho ya kisasa. Mimi nikijisaidia sebuleni msinilaumu."

Muda mfupi baadaye baba alitoka chumbani. Mimi nilikuwa jikoni na shangazi na wanawake wengine. Tulikuwa tumeosha masufuria, maji yametapakaa sakafuni. Pembeni, juu ya ungo, palikuwa na unga wa ulezi tuliokuwa tumeuchekecha kwa ajili ya ugali. Baba aliingia taratibu, akakanyaga yale maji, akasimama. Tulinyamaza kumpa heshima, tukidhani anataka kusema neno. Akafungua suruali akakojoa kwenye ungo.

Mwanamke mmoja alipiga ukunga. Baba alishtuka, akageuka kuitafuta sauti, na mkojo ukageuka naye. Unga uligeuka tope. Mwingine ulianguka kwenye marumaru, na marumaru hayanywi kitu. Mkojo ulichanganyika na maji ya masufuria ukapita mlangoni, pale palipokuwa na kizingiti, ukateleza koridoni mpaka sebuleni, ukaingia chini ya mikeka ya wageni. Nikawasikia wakiinuka mmoja mmoja.

Nitasema ukweli. Nilimwona baba mchafu. Nilimwona kama kitu cha kuchukuliwa kwa koleo. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikatapika, na niliporudi shangazi alikwishamfunga kitenge kiunoni na kumkalisha nje juani. Wifi alikuwa anamwaga dawa ya kutoa madoa. Harufu yake na ya mkojo zilichanganyika zikapanda kichwani. Mtani alikuwa amekaa, mkono mdomoni.

Wageni walikula wali uani, upesi, wakaondoka. Jioni ukoo ulikaa kikao palepale uani. Kaka alisema baba amechanganyikiwa, na mtu aliyechanganyikiwa haachwi nyumbani peke yake. Angemchukua kesho Dar es Salaam, angemtafutia mtu wa kumlinda.

"Kumlinda au kumfungia?" aliuliza shangazi.

"Shangazi, umeona mwenyewe alichofanya."

"Nimeona. Sasa nimsikie." Akamgeukia baba. "Kaka, pale ulipokuwa unakojoa, ulikuwa wapi?"

"Chooni," baba alisema.

Mjomba mmoja alicheka, akajifanya anakohoa.

"Nani alikwambia ni chooni?"

"Miguu." Baba aliongea chini sana, ikabidi tusogee. "Mimi sioni. Ni miaka sasa. Naona weupe tu, na kivuli cha mtu. Nikitoka chumbani nilikuwa naacha mkeka nakanyaga sementi. Nikiupata ule ufa nageuka kulia, nikishuka nimefika chooni. Nikipotea, mama yenu ananiambia polepole, 'kulia,' watu wasisikie. Hakutaka niaibike. Sasa yeye hayupo, na chini kote ni baridi na kote ni laini. Leo nimegeuka, sijui kulia au kushoto, nikakanyaga maji. Nikasema, hapa ni chooni."

"Mbona hukutuambia huoni?" kaka aliuliza.

"Ungefanya nini?"



"Umenijengea choo kizuri," baba alisema. "Kikubwa. Ila sina nyumba."

Nilidhani kaka angelia. Mimi nilikuwa nalia. Lakini alisimama, akajipangusa suruali, akasema mtu mwenye akili timamu angenusa unga. Akasema uamuzi ni ule ule. "Kwangu atazoea. Kwangu ni marumaru haya haya, nyumba nzima, na ngazi pia."

Hapo nilisema. Sijui nilisema kwa sauti gani, maana wote walinigeukia. Nilisema baba haendi kwenye ngazi. Atakuja kwangu Kizwite. Nina vyumba viwili vya kupanga, sementi ina mashimo, choo kiko nje, ukitoka unakanyaga changarawe mpaka unafika.

"Wewe?" kaka alisema. "Kwenye kile kibanda?"

"Ndiyo, kaka."

"Kaka, unasemaje?" shangazi alimuuliza baba.

"Changarawe ni kubwa au ndogo?" baba aliniuliza.

"Kubwa, baba. Zinachoma."

"Basi nitakwenda huko."

Shangazi akapiga makofi kufunga kikao. Kaka aliniambia nikishindwa nisimpigie simu. Akasema nyumba ataitafutia wapangaji wanaojua thamani yake.

Asubuhi walipakia gari. Wifi alipiga magoti akamsalimia baba kwa kumshika mkono, nami namshukuru kwa hilo. Kaka alikuja mwisho. Alikuwa ameoga, ananukia manukato, shati limenyooshwa.

"Shikamoo, baba. Sisi tunaondoka."

"Marahaba. Msalimie mjukuu wangu." Baba akanyoosha mkono hewani.

Kaka aliuangalia mkono ule. Kisha akakunja kiganja chake akampa kifundo cha mkono, kama anavyofanya mtu aliyetoka shambani au anayechinja kuku, asiyetaka kumchafua mwenzake. Baba alikishika kile kifundo. Alikipapasa, akateremsha vidole taratibu akikitafuta kiganja, kaka akazidi kukikunja.

"Mikono yako ina nini?" baba aliuliza.

Kaka alisema wamechelewa. Akapanda gari.