Barabara Iliyojaa Wakwe

Watu wa mjini hapa Tarime wana maneno mengi kuhusu umbali. Mtu anakaa nyuma ya soko, anafika kazini anahema, anasema njia ilikuwa ndefu. Mimi nikisikia hivyo hukasirika, kwa sababu mpishi wetu, Boke, anatoka kijijini Nyamwaga. Anakuja hapa mjini, Bomani, kwa baiskeli kupika uji wa watoto wa shule ya awali ninayofundisha, na jioni anarudi Nyamwaga kwa baiskeli hiyo hiyo.

Asiyeijua njia hiyo amuulize dereva yeyote wa hiace, atamwambia habari za makorongo na vumbi. Boke akipanda hiace kila siku, nauli itameza mshahara wote. Kwa hiyo anavaa suruali, anafunga kitenge juu yake, anakanyaga pedeli kukiwa bado na ukungu kwenye migomba. Kuna mlima mmoja ambao hata wanaume hushuka na kusukuma. Boke naye husukuma, sitamsifia uongo, ila akifika juu hapumziki.

Alipoanza, majirani walisema mke wa mtu hapandi baiskeli kama karani wa pamba. Mume wake, Deus, aliwajibu kwamba mwenye kuziba pancha ni yeye, na kama kuna anayetaka kumsaidia kuziba alete gundi. Maneno yakaisha.

Umbali basi haukumshinda Boke. Kilichokaribia kumshinda ni wakwe.

Kwetu sisi Wakurya, mwanamke aliyeolewa hampiti baba mkwe wake hivi hivi. Akikutana naye njiani anasimama pembeni, anainamisha macho, anamsalimia kwa mbali, anangoja mzee apite. Kumpita ukiwa umekaa juu ya baiskeli, miguu inazunguka, ni jambo ambalo hata kulisimulia ni aibu. Na baba mkwe si mmoja. Mzee Kisyeri, baba yake Deus, ana wenzake wa rika, waliotahiriwa naye msimu mmoja, na hao wote kwa Boke ni baba mkwe. Sasa hesabu mwenyewe wazee walioko kati ya Nyamwaga na Bomani, wanaoamka mapema kama jogoo na kupeleka ng'ombe malishoni kwa mwendo wa kupenda.

Boke alishuka kwa kila mmoja. Alishika breki, akaburuta baiskeli hadi kwenye majani, akainama, "Shikamoo, tata," yaani baba. Mzee akaitikia, akakohoa, akasimama kidogo kutazama mawingu, ndipo akapita na ng'ombe wake. Boke akapanda tena. Mbele kidogo, mzee mwingine.

Alijaribu kuondoka mapema zaidi, akakuta wazee nao wametoka mapema. Alijaribu njia ya mtoni, akarudi na tope hadi magotini. Akawa anachelewa. Na Boke akichelewa watoto wanakaa chini ya dirisha la jiko wakinusa moto ambao haujawashwa, kwa maana wengi wao hutoka nyumbani bila kutia kitu mdomoni.

Mkuu wetu, Mwalimu Bupe, ametoka Mbeya. Ni mama mwenye roho nzuri, lakini uji ni uji. Jumatatu moja, mtoto alipolegea darasani kwa njaa, alimwita Boke.

"Dada Boke, nakupenda na kazi yako naipenda. Ila ukichelewa tena, hata kesho, nitatafuta mpishi wa hapa hapa mjini. Watoto hawawezi kungojea baiskeli."

Nilitaka kumweleza habari za wakwe. Boke akanikonyeza ninyamaze. Baadaye jikoni nilimfokea. Nikamwambia, "Kesho pita tu, mama! Wazee hawatakufa."

"Hawatakufa, mwalimu," akasema akisugua sufuria. "Ila mimi nitarudi kulala kwenye boma la nani?"

Na kesho yake ilikuwa siku ya mnada. Siku ya mnada wazee wote wapo barabarani, na kila mmoja ana ng'ombe.

Jioni ile Boke hakumwomba mtu chochote. Alimwambia tu mama mkwe wake, Agustina, kwamba kesho ni mnada, kwa wazee wote hao hatawahi uji wa watoto, kazi imekwisha, atakwenda kuaga tu. Agustina akapeleka habari kwa mzee, kama inavyotakiwa, maana mkwe hamwendei baba mkwe na shida zake. Mzee Kisyeri alikula ugali wake wote kwanza. Kisha akauliza kama watoto hao wa mjini hawana mama zao, akaenda kulala. Boke akajua ndiyo basi.

Jumanne nilifika shuleni moyo mzito. Nikakuta moshi unatoka jikoni! Boke yupo, uji umeanza kuchemka, na machozi yanamtiririka. Nilidhani kuna msiba.

"Nani amefariki?"

"Hakuna." Akajifuta kwa ncha ya kitenge. "Nimeteremka mlima, nikawakuta wamejaa barabara nzima. Wazee, fimbo, ng'ombe. Nikashika breki, mwalimu, nikasema moyoni, kazi kwaheri. Mguu haujagusa chini, nikasikia sauti ya Tata Kisyeri kule mbele. Anawaita wenzake bamura, kama vile bado ni vijana. Anasema, 'Bamura, geukeni! Asiyemwona mkwe hajakutana naye. Mkwe wetu anapita, watoto wa watu wana njaa!'"

"Wakageuka?"

"Wote. Mzee mmoja hata alisahau ng'ombe wake, akamwacha katikati ya njia. Wakatazama migomba, mimi nikapita nyuma yao. Waliokuwa wananiangalia ni ng'ombe tu. Nikafika kwa mzee mwenyewe, amesimama mwishoni kabisa, amenipa mgongo, fimbo ameinyoosha pembeni kuzuia ndama asiniingilie."

Nilicheka hadi nikashika ukuta. Yeye hakucheka.

"Sasa unalia nini, Boke? Si umewahi?"

Alikoroga uji kwanza.

"Tangu niolewe, mimi ndiye ninayewapisha," alisema. "Leo wamenipisha wao."

Halafu akaniambia nisogee, nimemzibia sukari.