Mwavita anawashonea watu utulivu aliomnyang'anya mdogo wake

Saa moja na nusu asubuhi. Jua limeshaivuka milima ya Burundi ng'ambo ya ziwa na linaanza kuuma. Mlangoni pa kibanda chake cha ushonaji mtaani Mulongwe, mjini Uvira, Mwavita Sumaili ameketi kwenye kigoda, amefumba macho, anapitisha kipande cha kitambaa taratibu juu ya mdomo wake.

Majirani wamezoea, hawageuki. Mgeni ndiye anayesimama na kujiuliza kama mama huyu ana mafua au ana lake jambo.

Kipande kinatupwa kwenye kikapu cha kushoto. Anachukua kingine, anakipitisha mdomoni kwenda na kurudi, kisha anakiweka kulia. Cha kushoto ni kikapu cha vitambaa vinavyokwaruza. Cha kulia ni cha vile vilivyofaulu, na asubuhi hii vimefaulu vitatu tu kati ya kumi na vinane.

"Mikono yangu iko inadanganya," anasema bila kufumbua macho. "Imezoea sindano na sabuni. Mudomo haudanganyi."

Mwavita ana miaka arobaini na mmoja. Sare za shule ndizo zinazompatia chakula, kwa sababu kila Septemba watoto huwa wamerefuka. Lakini kazi iliyompa jina, tangu miaka mitatu iliyopita, ni nyingine. Anawashonea watu wenye usonji vitu vya kuwatuliza: shali zenye uzito za kuweka mapajani au mabegani, vitambaa vidogo vya kupapasa, na vifuniko vya masikio vya kitenge vilivyojazwa sufi, kwa wale ambao kelele za mji zinawaingia kichwani kama misumari.

Uzito wa shali ni mchanga wa ziwa. Anauosha hadi maji yatoke meupe, anauanika juu ya bati, anauchekecha kwa kipande cha chandarua, kisha anaukaanga kwenye sufuria. Halafu anaushonea ndani ya viraka vidogo vidogo, kila kiraka na mchanga wake, usije ukakimbilia upande mmoja. Mwanzoni alitumia mchele. Shali ya kwanza ikaliwa na panya, na mwenye shali akalia siku mbili.

Shali moja inamchukua siku nne na anaiuza franc elfu thelathini. Kwa mwezi hazizidi tatu, na hapo mwezi umekuwa mzuri. Zingeweza kuzidi, ila Mwavita ana tabia moja ambayo mfanyabiashara mwingine angeiita wazimu. Anafukuza wateja.

Leo hii anamfukuza Evariste, mvuvi wa ndagala, dagaa wa ziwa hili, anayeishi mtaa wa Songo. Amekuja na binti yake Jolie, wa miaka saba, ambaye ameziba masikio kwa viganja vyote viwili tangu walipopita penye duka la muziki. Evariste amesikia habari za shali kwa jirani. Pesa anayo mkononi, tayari imekunjwa.

Mwavita haitazami pesa. Anataka kujua mtoto anapenda kushika nini nyumbani. Evariste anajikuna shingo. Anasema hakuna kitu cha maana, ni uchafu tu, soli ya kandambili ya bibi yake Jolie, imekatika, mtoto anaitafuna na kulala nayo. Mke wake ameshaapa kwamba wiki hii inakwenda jalalani.

Mwavita anasimama. Uso wake, uliokuwa na utani dakika moja iliyopita, umebadilika.

"Weye baba, rudia nyumbani sasa hivi," anamwambia. "Umwambie mama yake asitupe ile soli. Muioshe na maji tu, sabuni hapana. Shali tutaongea kesho."

Evariste anacheka kwa aibu, anaona ni mzaha, kisha anaona si mzaha. Anambeba mtoto na kuondoka. Mwavita anakaa tena kwenye kigoda chake.

Baadaye anaeleza. Ana mdogo wake, Bilal, wa miaka ishirini na minne. Neno la usonji halikuwahi kutajwa katika nyumba yao. Bilal alikuwa Bilal tu, kijana asiyesema zaidi ya maneno matano kwa siku, anayejua saa ya kila boti kuingia bandarini Kalundu na asiyestahimili mlio wa pikipiki. Baba yao aliuza chumvi na vitambaa, kama baba zake waliomtangulia kwenye mwambao huu. Mama yao alibaki na meza ya vitambaa sokoni baada ya baba kufa, na Bilal alibaki miguuni pa mama.

Hapo chini ya meza alikuwa na dawa yake. Mama alivaa nyumbani na sokoni kitenge kimoja cha zamani, cha rangi ya kahawia, kilichopauka hadi maua yake hayakuonekana tena. Kelele zikizidi, Bilal alikamata pindo la kitenge hicho na kulipitisha juu ya mdomo, kwenda na kurudi, hadi pumzi yake ishuke. Mama aliendelea kupima vitambaa vya wateja huku mtoto wa kiume mwenye ndevu ameshika pindo lake. Watu wa soko nao hawakushangaa, kwa sababu walimwona hivyo tangu akiwa mdogo.

Mama alifariki miaka mitano iliyopita, baada ya homa ya siku sita.

Katika ukoo wao, siku ya arobaini nguo za marehemu hugawiwa, na mgawaji ni binti mkubwa. Vitenge vizuri huenda kwa dada na mashemeji. Kipande cha mwisho hutolewa sadaka kwa mwanamke maskini asiyefahamika, na mtoaji hapaswi kumuuliza jina wala anakotoka, ili sadaka isiwe na deni. Hakuna kinachobaki ndani ya nyumba.

Mwavita alifanya kama alivyofundishwa, na alifanya vizuri kupita kiasi. Ilimwia aibu kumpa mtu nguo kuukuu yenye harufu ya mawese na moshi wa samaki, kwa hiyo usiku wa kuamkia arobaini alikilowesha kile kitenge cha kahawia, akakifua kwa sabuni mara mbili, akakianika, akakipiga pasi. Asubuhi alimpa mwanamke mbeba mizigo aliyekuwa anapita barabarani na gunia la makaa kichwani. Mwanamke akashukuru, akakitia begani, akaenda zake.

"Bilal alikuwa amesimama kwenye mulango," anasema Mwavita. "Aliona yote. Hakulia, hakusema kitu. Miye nikafikiri, afadhali, ametulia. Miye njo dada yake mukubwa, nilikuwa najua kila kitu."

Siku tatu Bilal hakula. Siku ya nne alitoka mwenyewe, akaenda sokoni.

Alikwenda kutafuta. Alisogelea wanawake, mmoja baada ya mwingine, akainua pindo la kitenge cha kila mmoja na kulipeleka mdomoni. Waliomjua walimcheka kwa huruma na kumpa ndizi. Aliendelea hivyo wiki nzima, na Mwavita, aliyekuwa anashughulika na wageni wa matanga, aliambiwa na hakuona kuwa ni jambo kubwa. Kisha ikafika siku ya gulio, siku ambayo mji unajaa watu wa uwandani na wa milimani wasiomjua Bilal wala mama yake. Kijana mrefu mwenye ndevu akaonekana anainua nguo ya mke wa mtu.

Walimvunja mkono wa kushoto na meno mawili. Aliletwa nyumbani juu ya mkokoteni.

"Batu balisema anatafuta banamuke," anasema Mwavita, na hapa anafuta macho kwa kitambaa cha kikapu cha kulia bila kujitambua. "Alikuwa anatafuta mama yake."

Tangu siku hiyo Bilal hakukubali kuguswa na mtu yeyote, na aliyemkataa zaidi ni Mwavita. Akiingia chumbani, Bilal alijibana pembeni na kupiga kelele hadi atoke. Mjomba wao, Mahamudi, aliyekuwa anafanya biashara ya ngozi, alimchukua baada ya mwezi mmoja na kumpandisha Rurambo, juu ya milima, kwa rafiki yake wa miaka mingi, mfugaji anayeitwa Gaspard. Walikubaliana akae majuma mawili apumzike na kelele. Bado yuko huko.

Jina la hali yake lilikuja baada ya mwaka mmoja na nusu. Félicité, mfanyakazi wa kituo cha mazoezi ya viungo kwa wagonjwa, alikuwa amemletea Mwavita koti la kurekebisha, akamsikia akisimulia. Akamwambia kwamba kuna watu wengi kama Bilal, kwamba kitu kimoja cha kushika au uzito kidogo wa mapajani huwashusha pumzi wengine wao, na kwamba kila mmoja ana cha kwake. Mwavita anasema alimshukuru, akamaliza koti, kisha akafunga mlango na kukaa chini sakafuni.

Shali ya kwanza aliishona wiki ile. Hata leo Félicité ndiye anayemsimamia: uzito usizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wa mtu, isifunike uso, na mvaaji aweze kuivua mwenyewe wakati wowote. Sheria ya nne ni ya Mwavita. Hashoni kitu kabla hajajua nyumbani mtu anashika nini, na kabla watu wa nyumba hiyo hawajaapa kwamba hawatakitupa.

Kwa miaka hiyo yote amekuwa akitafuta kitenge. Yule mbeba mizigo hakumwona tena, na hakuwa na jina la kuulizia. Kwa hiyo alitafuta kinachofanana. Alikipata mwaka jana katika robota la mitumba, maua yale yale, yamepauka karibu vile vile. Safari hii hakukitia sabuni. Alikifukiza juu ya chanja la ndagala, akakipaka mawese kidogo kwenye pindo, akakivaa mwenyewe mwezi mzima. Wakati huo huo alimalizia chumba cha matofali nyuma ya nyumba yake, kuta nene, dirisha linaloelekea uani tu. Ndani aliweka kitanda na godoro jipya. Chumba cha Bilal, akirudi.

Akachukua pikipiki hadi chini ya mlima, akapanda kwa miguu nusu siku.

Gaspard alimpokea vizuri na kumwambia mambo ambayo hakuyategemea. Bilal anajua ng'ombe thelathini na wawili kwa sauti zao. Anakula. Moyo ukimwenda mbio, anakwenda kumwegemea ng'ombe mmoja mzee, shavu kwenye ubavu, anakaa hapo hadi utulie. "Ng'ombe hazimuulizake kitu," Gaspard alisema.

Mwavita akamnyooshea Bilal kitenge. Kwa mara ya kwanza katika miaka minne, Bilal hakukimbia. Alikishika, akapeleka pindo mdomoni, akalipitisha kwenda na kurudi. Kisha akampita dada yake, akaenda hadi njiani, akasimama akitazama kule dada alikotokea.

"Alikuwa anamungojea mama," anasema Mwavita. "Nilimuletea harufu, akafikiri mama iko nyuma yangu anapanda mulima. Alisimama pale mupaka ng'ombe zikarudi."

Magharibi Bilal aliacha kitenge juu ya jiwe na kwenda zizini. Hakukigusa tena. Usiku huo alipiga kelele kama zile za mwaka wa kwanza, na mke wa Gaspard ndiye aliyekaa mlangoni pake. Mwavita alishuka na kitenge chake asubuhi. Anasema kufiwa mara moja kulimtosha mdogo wake, na yeye amemfisha mama yao mara ya pili.

Ukimwambia kwamba hakujua, anatikisa kichwa. Hakujua, ni kweli. Lakini alikuwa na macho miaka kumi na tisa, na kila siku aliona pindo lile mkononi mwa yule mtoto. Anaona hapo ndipo kosa lilipo, na hakuna mteja wala shukrani inayomwondolea kosa hilo.

Hata hivyo amerudi Rurambo mara moja tangu hapo, mwezi wa pili, mikono mitupu. Alimkuta Bilal amemwegemea yule ng'ombe mzee. Akazunguka upande wa pili, akaegemea naye, shavu kwenye ubavu. Ng'ombe alikuwa katikati yao. Bilal alijua yuko pale, na hakuondoka.

Hiyo ndiyo habari njema pekee aliyonayo, na ameamua kuifuata: anahamia Rurambo. Mvua zikikatika, cherehani yake itafunguliwa vipande na kupandishwa mlimani na wabebaji wawili. Mke wa Gaspard ameshampatia kazi ya sare za watoto wa kule. Kibanda cha Mulongwe atakishika Raïssa, mwanamke ambaye Mwavita amemfundisha kazi kwa miaka miwili, pamoja na vikapu na sheria zote nne. Shali ya Jolie itashonwa na Raïssa. Asiporudi Evariste kesho, Raïssa atamfuata Songo.

Na kile chumba cha Bilal? Mwavita anatazama uani kabla ya kujibu.

"Nimekipangisha. Mupangaji anaingia tarehe moja," anasema. "Nilikuwa nataka Bilal arudie nyumbani. Kumbe nyumba njo ilimutesa."

Hajui kama mdogo wake atakubali kuguswa naye tena, na ameacha kuwauliza watu. Lakini kuna jambo moja hajawahi kulifanya kwa miaka mitano, na anasema ndilo la kwanza atakalolifanya akifika, hapo hapo zizini, kwa sauti ya chini ili ng'ombe asishtuke.

"Nitamwambia kwamba njo miye nilitoa kitenge. Hajawahi kusikia kwa kinywa changu. Batu banasema hatafahamu. Bilal anafahamu. Sisi njo tulikuwa tunaongea mbele yake miaka yote kama vile hayuko."