Tairi Nyembamba

Laiti ningekataa siku ile rubani aliponiambia, "Mzee wangu, udongo wa huku unaujua wewe. Nichagulie tairi." Nilikuwa mwangalizi wa kiwanja kidogo cha ndege katika bonde la Rufiji, na ndege yake ndiyo iliyochukua wagonjwa barabara zilipokatika. Alikuwa na tairi pana za kukanyaga tope, na nyembamba ambazo, kwa kuwa nyepesi, zingemwachia ndugu wa mgonjwa nafasi ya kumsindikiza.

Nikapiga kisigino chini, kama tunavyopima shamba mafuriko yakishapungua. Hakikuzama.

"Funga nyembamba," nikasema.

"Na mvua ikirudi?"

"Kijana, mimi nimezaliwa kwenye tope hili. Wewe rusha ndege."

Akacheka, akazifunga.

Kisigino humwambia mkulima kama mbegu itashika. Hakikuniambia lolote kuhusu ndege inayotua kwa kasi, na mimi sikukubali kwamba kuna nisichokijua.

Wiki ya pili mvua ilinyesha, na jua lilipotoka tena mke wangu akashikwa na tumbo. Niliita ndege mwenyewe. Juu udongo ulikuwa umekauka, chini bado tope. Tairi zilipasua lile gamba zikazama, ndege ikainamia pua, pangaboi likapinda. Rubani alitoka mzima.

Tulimpakia mke wangu kwenye trekta kuelekea hospitali ya Kibiti. Alikata roho kabla hatujafika Mtawanya, kichwa chake mapajani mwangu. Tairi zile nilizichagua mimi, na zilinigharimu mke wangu.